Mtafiti wa Majengo na Aanzie kwa Fundi



Toleo lililopita la gazeti letu lilitupasha habari njema katika ukurasa wa wanafunzi wa zamani, kwamba wenzetu watatu waliopita katika madarasa haya haya wameanza mwaka huu masomo ya juu ya usanifu wa majengo, wawili kwa digrii ya pili na mmoja kwa digrii ya udaktari. Twawapongeza sana. Shule yetu imetoa walimu, wauguzi, mapadre na mawakili wengi, lakini wasanifu wa majengo ni wachache, na wenye kufanya utafiti katika kazi hiyo ni wachache zaidi.

Lakini msafiri haagwi kwa pongezi tupu. Hupewa pia maneno ya njiani. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la mwisho, umri wangu ni miaka 19, wala sijasoma chuo kikuu hata siku moja. Labda mtu atauliza, huyu amepata wapi haki ya kuwashauri waliomtangulia? Namjibu kwamba nimekaa ndani ya nyumba maisha yangu yote, na sasa nalala katika bweni. Siri ya mtungi aijuaye kata. Akaaye ndani ya jengo ana neno la kumwambia yule alichoraye.

Kwa ajili ya wadogo zangu wa madarasa ya chini, yafaa nieleze kwanza kazi hii ni ya namna gani. Mwanafunzi wa digrii ya kwanza hufundishwa kuchora jengo, kupima kiwanja, kujua uzito ambao nguzo yaweza kuuchukua, na kupanga vyumba, madirisha na ngazi. Amalizapo, aweza kwenda kufanya kazi chini ya msanifu mwenye uzoefu. Lakini yule arudiye chuoni kwa masomo ya juu hapewi tena swali na mwalimu. Hutakiwa alete swali lake mwenyewe, alitafutie jibu kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi, kisha aandike kitabu na kukitetea mbele ya wakubwa wa elimu hiyo. Kwa hiyo siku za kwanza ndizo zenye hatari. Akichagua swali jema, kazi yake itawafaa hata watu wasiojua jina lake. Akichagua swali lisilo na maana, digrii ataipata, na kitabu chake kitapata vumbi.

Shauri langu kwao ni moja tu: swali hilo wasiende kulitafuta maktabani kwanza. Waanzie kwa fundi, na kwa mtu akaaye ndani ya nyumba.

Neno hili si geni katika nchi yetu. Makerere, ambayo leo ni chuo kikuu chenye jina duniani, ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ndogo ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Kisha ikapanda ngazi: mwaka 1949 ikawa chuo chenye uhusiano na Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1970 ikawa chuo kikuu chenye kujitegemea. Usanifu wa majengo ulichelewa kufundishwa huko; kwa miaka mingi vijana wetu walioutaka iliwabidi kwenda Nairobi. Angalieni basi jinsi mambo yalivyofuatana: fundi alitangulia, profesa akafuata. Si aibu kwa mjukuu kurudi kumwamkia babu yake.

Nitatoa mifano miwili ya watu waliofanya hivyo, ili isidhaniwe kwamba nasema maneno matupu.

Wa kwanza ni Diébédo Francis Kéré. Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, nchi ya Burkina Faso. Kijijini kwao hapakuwa na shule, naye alipofika umri wa miaka 7 alipelekwa kusoma mjini Tenkodogo, katika madarasa yenye joto kali. Mwaka 1985 alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, na baadaye akaingia chuo kikuu cha ufundi cha Berlin kusoma usanifu wa majengo. Hakungoja kumaliza. Akiwa bado mwanafunzi alikusanya fedha za kuwajengea watu wa kwao shule ya msingi, nayo ilikamilika mwaka 2001. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: darasa la Gando litapataje ubaridi bila mashine ya umeme? Alichukua udongo wa pale pale, akauchanganya na saruji kidogo, akafyatua matofali. Juu ya darasa aliweka dari ya matofali ya udongo yenye nafasi za kupitisha hewa, na paa la mabati akaliinua juu zaidi kwa vyuma vyembamba, likitokeza nje mbali ya kuta. Basi hewa ya moto hupanda, hupenya darini na kutoka chini ya bati, wala jua na mvua havigusi ukuta. Wanakijiji, ambao mwanzoni waliudharau udongo, walijenga kwa mikono yao, na wanawake walishindilia sakafu kama walivyozoea majumbani mwao. Mwaka 2004 shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote katika kazi hiyo.

Wa pili ni Hassan Fathy wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1900. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mbao za kuezekea zilikuwa adimu nchini mwake. Fathy, ingawa alikuwa msomi na mwalimu, alisafiri mpaka karibu na Aswan, akakuta mafundi wa Kinubi wakijenga mapaa ya duara kwa matofali mabichi bila ubao hata mmoja wa kuyashikilia. Siri yao ilikuwa kuyalaza matofali yakiegemea ukuta wa nyuma, pete juu ya pete, kila pete ikishikwa na ile iliyotangulia mpaka chumba kikafunikwa. Fathy hakusema, "Hawa hawakusoma." Aliwachukua wawe walimu wake.

Lakini habari ya Fathy ina upande wa pili, nao watafiti wetu wausome vizuri. Mwaka 1945 alianza kujenga kijiji kipya cha Gourna, ng'ambo ya Luxor, ili watu waliokaa juu ya makaburi ya kale wahamie huko. Nyumba zilikuwa nzuri na za gharama ndogo. Hata hivyo watu wengi walikataa kuhama, kwa kuwa riziki yao ilikuwa kule kule kwenye makaburi, na kazi ikasimama kabla ya kutimia. Hapa pana fundisho kubwa. Fathy alimsikiliza sana fundi kuhusu paa, lakini serikali iliyomtuma haikumsikiliza vya kutosha mwenye nyumba kuhusu maisha yake. Mtafiti apaswa kuwasikiliza wote wawili.

Sasa turudi nyumbani. Sote twajua Makaburi ya Kasubi mjini Kampala. Jengo lake kubwa, Muzibu Azaala Mpanga, lilijengwa mwaka 1882 na Kabaka Mutesa wa Kwanza, naye alizikwa humo mwaka 1884. Ni nyumba ya nguzo za miti, matete na nyasi, yenye upana wa mita 31 hivi, na chini ya paa lake zimo pete 52 za matete, kwa hesabu ya koo za Buganda. Mwaka 2001 iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na usiku wa tarehe 16 Machi 2010 iliteketea kwa moto. Ndipo watu walipotambua kwamba hasara haikuwa ya nyasi tu. Nyasi huota tena. Ujuzi wa kuezeka paa lile ulikuwa mikononi mwa watu wa ukoo wa Ngeye, yaani mbega, ambao huupokezana mzee kwa kijana. Kazi ya kuijenga upya ilichukua zaidi ya miaka 10, na ni mwaka 2023 tu Kasubi ilipoondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Sisemi kwamba kila kitu cha zamani ni chema. Nyasi huungua. Kanisa kuu la Namirembe, lenye kuta za matofali na paa la nyasi, liliunguzwa na radi mwaka 1910, na hili tulionalo leo, lililokamilika mwaka 1919, liliezekwa vigae. Waliojenga baada ya moto walikuwa na akili. Ninalosema ni kwamba mtu hawezi kuchagua kati ya nyasi na kigae, au kati ya udongo na saruji, ikiwa kimoja amekisoma vitabuni kwa miaka mitano na kingine hajapata kukishika. Huyo hachagui, anafuata tu.

Yako maswali mengi yanayomngoja mtafiti hapa kwetu, nami nitayataja matatu.

La kwanza ni bati. Kila mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki ajua mvua inyeshapo juu ya darasa la mabati yasiyo na dari. Mwalimu hunyamaza, huchukua chaki na kuandika ubaoni, na maswali yote hungoja mvua iishe. Na jua likiwa la utosi, chumba kile kile huwa tanuri. Ni saa ngapi za masomo hupotea hivyo kwa mwaka? Dari ya namna gani, ya vitu vinavyopatikana kijijini na kwa fedha ya shule maskini, yaweza kuzuia kelele na joto pamoja? Mwenye kipima joto, saa na daftari aweza kuanza kesho.

La pili ni tofali la kuchoma. Twalipenda kwa kuwa ni gumu na jekundu, lakini kila tanuri hula kuni nyingi, na vilima vyetu vinaendelea kuwa vipara. Mhandisi mmoja wa Makerere, Dk. Moses Musaazi, alionyesha njia nyingine kwa kubuni matofali ya udongo na saruji kidogo, yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono, yanayoshikana yenyewe wala hayachomwi, na mengine yamepindwa ili kujengea matangi ya maji. Basi mbona watu wengi bado wanachoma? Je, ni bei ya mashine, au ni ukosefu wa mafunzo, au ni kwamba mtu huona tofali lisilochomwa halina heshima? Swali hili halijibiwi kwa kalamu ya kuchorea peke yake. Lataka mtu wa kukaa na watu.

La tatu ni tetemeko la ardhi. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Watu zaidi ya 15 walikufa, na nyumba nyingi sana zilianguka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, kule Bukoba, ziliharibiwa vibaya. Ukuta wa matofali ulioungwa kwa tope, usio na mkanda wa zege na nondo wa kuzifunga kuta zote pamoja, ule mafundi wauitao linta, hufunguka pembeni ardhi inapotikisika. Wahandisi walijua hayo tangu zamani. Lakini je, fundi wa kijijini amekwisha ambiwa? Na kama ameambiwa, mwenye nyumba asiye na fedha ya nondo afanye nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa kwetu ukuta huo huweza kuangukia watoto waliolala.

Nimefika mahali ambapo sina budi kusema neno la uchungu kidogo. Kijijini kwetu yupo fundi mzee tumwitaye Ssalongo, kwa kuwa ni baba wa mapacha. Miaka michache iliyopita alijiwa na kijana mmoja mtafiti kutoka chuo kimoja, nisichokitaja. Ssalongo alimpokea vizuri, akamwonyesha jinsi achaguavyo udongo wa kichuguu: huulowesha, huusokota kati ya viganja mpaka uwe kama kamba, na kamba ikikatika upesi ajua kwamba mchanga umezidi, kisha huukausha kivulini, na ukipasuka ajua kwamba mfinyanzi umezidi. Kijana alipiga picha, akaandika, akajaza karatasi zake, akaaga. Hakurudi, wala barua haikuja. Likizo iliyopita Ssalongo aliniuliza, "Mwanangu, wewe usomaye, yule kijana udongo wangu ulimjibu nini?" Sikuwa na la kumwambia.

Ndugu zangu, huo ni wizi mpole. Hakuna sheria iliyovunjwa, na huenda kijana yule alipata alama nzuri. Lakini mzee alitoa ujuzi wa miaka 40 bila malipo, naye hakupata hata shukrani ya karatasi moja. Siku mtafiti mwingine atakapokuja, naye ana nia njema, Ssalongo atamwambia kwamba leo ana shughuli. Hapo watakaokosa si chuo tu. Ni sisi sote.

Najua majibu nitakayopewa. Wengine watasema, fundi hajui hesabu, hawezi kueleza kwa nini ukuta wake unasimama. Ni kweli, na ndiyo sababu mtafiti anahitajiwa. Fundi ajua kwamba jambo fulani huwa. Msomi atafute kwa nini huwa, na mpaka wapi. Mahali ambapo fundi amekosea, na amwambie kwa adabu, tena amwonyeshe. Kumheshimu fundi si kumsujudia.

Wengine watasema kwamba utafiti hauna budi kuandikwa kwa Kiingereza, ili usomwe London na Chicago. Vema, na uandikwe. Lakini je, ni kazi kubwa mno, baada ya kurasa 200 za Kiingereza, kuandika kurasa mbili za Kiswahili chepesi au za lugha ya kijiji, zenye picha tatu? Kiswahili chaweza kuvuka mpaka kutoka kwetu mpaka Bukoba, Kigoma na Bukavu. Fundi wa Kagera aliyeangukiwa na ukuta na fundi wa Rakai wana swali moja. Mbona wasipate jibu moja?

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wetu watatu wa zamani, na wengine watakaowafuata, mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuandika kichwa cha utafiti, wakae mwezi mmoja na mafundi na wenye nyumba, wabebe tope na kuuliza, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Pili, waandike katika vitabu vyao majina ya mafundi waliowafundisha, kama waandikavyo majina ya maprofesa. Tatu, wakimaliza, warudishe jibu pale walipolichukua swali.

Nasi tulio shuleni tusikae tukiomba tu. Namwomba Mwalimu Mkuu na chama cha wanafunzi wa zamani watufanyie mambo mawili. Siku ya mkutano wa mwaka, watafiti hawa wapewe nusu saa watueleze kwa Kiswahili wanatafuta nini, na mafundi wa jirani waalikwe waje kusikiliza na kuwauliza. Tena shule iwape darasa moja la mabati, lile la nyuma karibu na jiko, walipime joto na kelele, wajaribu dari zao humo, nasi wa klabu ya sayansi tuwashikie daftari kila siku. Haitagharimu fedha nyingi. Ikishindikana, tutakuwa tumejifunza. Ikifaulu, mvua ya mwakani itatukuta tukimsikia mwalimu.

Wenye maoni mengine na waandike. Kurasa hizi ni zetu sote.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita